Kopa Alilolipima Kinyume

Saa moja na robo asubuhi, Same. Upepo unaoshuka kutoka milimani umeshaanza kugonga mabati na kusukuma vumbi chini ya milango. Katika chumba kimoja nyuma ya soko, Honorata Mbwambo anafunga dirisha, anatandaza kitambaa cheupe mezani na kuketi.

Ukingoni mwa meza amepigilia kipande cha turubai. Ncha ya pili ya turubai hiyo anaifunga kiunoni, ili jiwe likimponyoka liangukie mapajani, lisitafutwe sakafuni. Kisha anafungua kisanduku chembamba cha plastiki na kutoa kalipa, kipimo chenye taya mbili kinachosoma hadi sehemu ya mia ya milimita.

Mteja wa kwanza ni Nassoro, dalali wa vito kutoka kijiji cha Kisiwani. Ameleta garneti nne zilizokwisha kukatwa. Tatu zinapimwa mara mbili mbili na kuandikwa. Ya nne ina umbo la moyo, lile ambalo wakataji huliita kopa, kama kopa la karata. Honorata analipima mara moja, analifuta, analipima tena. Analigeuza na kuanza upya.

"Mama, hiyo ni mara ya tatu," anasema Nassoro. "Jiwe halijanenepa tangu ulishike."

"Litanenepa ukiendelea kunisemesha."

"Wapare nyie! Mtauza ng'ombe mzima kwa kesi ya kifaranga, na sasa hata nukta mnaikatia rufaa."

Honorata anatabasamu bila kuinua macho. "Nukta ilishanishinda kesi moja. Ngoja nipime ya nne."

Nassoro anacheka. Asubuhi hiyo bado hajui kesi anayoambiwa ni ipi.

Miaka kumi na miwili iliyopita, Honorata alipima kopa moja la almasi mara moja tu. Kwa sababu ya kipimo kile mtu alifukuzwa kazi, na mtu huyo hakuwa yeye.

Mwanamke huyu mwenye umri wa miaka 49 alikubali kusimulia habari zake kwa sharti moja: zisichapishwe kabla hajaenda kumwambia mwenyewe mtu aliyefukuzwa. "Asije akaisoma kwenye gazeti lililofungiwa maandazi," alisema.

Honorata alizaliwa Gonja, upande wa milimani, katika familia ya Kilutheri iliyolima kahawa, migomba na tangawizi. Alimaliza darasa la saba na kwenda Dar es Salaam kwa shangazi yake. Kazi aliyoipata baadaye, akiwa na mtoto mdogo, ilikuwa ya ufagio, katika karakana moja ya kukata almasi ambayo leo haipo tena.

"Kila jioni nilifagia, halafu ule uchafu nauchekecha kwenye chujio la chai," anakumbuka. "Almasi ikiruka ni ndogo kama punje ya ulezi. Hutoki mpaka imeonekana."

Kwa kufagia chini ya meza ya vipimo alijifunza kilichofanyika juu yake. Aliuliza, akaandika kwenye daftari la mwanawe, akakosea, akauliza tena. Baada ya miaka minne alipewa kalipa. Hakuwahi kusomea kazi hii darasani, wala hajioni kuwa fundi mkubwa.

Mtu asiye wa kazi hii hudhani almasi hupimwa uzito na rangi, basi. Honorata anasema uzuri wa jiwe uko kwenye uwiano wake. Jiwe likiwa bapa mno, nuru inapenya na kutokea chini. Likiwa na kina mno, nuru inapotelea ubavuni na katikati panakuwa na kiza. Kwa hiyo kina cha jiwe hupimwa, kisha hugawanywa kwa upana, na jibu huandikwa kwa asilimia.

Ugumu unaanzia kwenye swali la upana ni upi.

Jiwe la mviringo halina urefu wala upana, lakini pia halina mviringo kamili. Unalizungusha kwenye kalipa, unachukua kipenyo kidogo kabisa na kikubwa kabisa, unatafuta wastani. Likiwa na milimita 6.40 upande mmoja na 6.46 upande mwingine, unagawanya kina kwa 6.43. Kina kikiwa 3.95, unapata asilimia sitini na moja na ushei. Hilo ni jiwe zuri.

Maumbo mengine hayana wastani. Yai, tone, jani, mstatili, yote hugawanywa kwa upana peke yake. Hata uso wa juu wa jiwe, ule ulio bapa ambao mafundi huuita meza, nao hulinganishwa na upana.

"Chukua yai la nane kwa sita, kina 3.72," anasema Honorata, akichora kwa penseli pembeni ya gazeti. "Ukigawanya kwa sita ni asilimia sitini na mbili. Safi. Ukigawanya kwa nane unapata arobaini na sita na nusu, unasema jiwe bapa kama sahani, unalitupa. Jiwe ni lile lile. Kosa ni lako."

Yeye hakufanya kosa hilo hata siku moja. Alijiwekea kanuni: pima pande mbili, namba kubwa iandike kwenye urefu, namba ndogo kwenye upana. Kanuni hiyo ilifanya kazi kwa yai. Ilifanya kazi kwa tone, jani na mstatili. Ilifanya kazi kwa miaka tisa.

Kopa halikuwa likiletwa mara nyingi. Na kopa lina jambo lake. Urefu wake ni kutoka juu ya mabega hadi nchani, upana wake ni bega kwa bega, na kopa likiwa na mabega mapana, upana unaushinda urefu.

Mwezi Juni mwaka 2013 lilikuja kopa la namna hiyo. Bega kwa bega lilikuwa na milimita 6.90. Kutoka mabegani hadi nchani, 6.20. Kina chake 4.14, uzito karati moja na pointi nne, pointi mia zikiwa karati moja. Kwa hesabu sahihi kina kilikuwa asilimia sitini kamili, na jiwe halikuhitaji kuguswa.

Honorata aliandika 6.90 kwenye urefu na 6.20 kwenye upana, kama alivyozoea. Asilimia ikasomeka 66.8. Akaandika chini yake: "Kina kimezidi. Punguza chini hadi 62." Akasaini H.M. na kuipeleka karatasi, pamoja na jiwe, kwenye meza ya mkataji.

Mkataji aliitwa Lugano Mwaipopo, kijana wa Tukuyu aliyekuwa akimtania kila asubuhi. Wiki ile alikuwa ametoka kuumwa malaria. Alisaga jiwe kama karatasi ilivyosema, hadi kina cha 3.84. Kazi yake ilikuwa safi, haina mkwaruzo.

Jiwe liliporudi kwenye mizani lilikuwa na pointi tisini na saba. Katika biashara hii, karati moja ni ukuta. Chini yake bei huporomoka. Isitoshe, kopa lile sasa lilikuwa bapa, nuru ikipita katikati yake kama maji kwenye chujio.

Msimamizi aliwaita wote wawili. Lugano alisema alipewa karatasi yenye sitini na sita. Karatasi ikatafutwa mezani kwake, haikuwepo. Honorata alikuwa ameichukua dakika chache kabla, alipolitazama kopa upande wa juu na kuona mabega yake.

"Msimamizi akaniuliza, karatasi iko wapi? Nikasema sijaiona," anasimulia. "Neno moja tu. Ilikuwa kwenye mfuko wa aproni yangu, nikiisikia inakwaruza nikivuta pumzi."

Msimamizi alisema mkono wa mgonjwa ndio uliopitiliza. Lugano aliondoka siku hiyo hiyo bila barua ya kumsaidia kupata kazi kwingine.

Mume wa Honorata, Sadock, alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla, na binti yao Agape alikuwa kidato cha pili. Honorata analitaja hilo kwa sababu ameulizwa, kisha analiweka kando. "Kila mtu pale alikuwa na mtoto. Lugano alikuwa na wawili, mmoja mchanga."

Karakana ilifungwa mwaka 2017. Honorata alirudi Same na kalipa yake, akapanga chumba nyuma ya soko, akaanza kuwapimia madalali wa vito vinavyotoka tambarare na kwingineko. Wanunuzi wa Arusha hutaka vipimo kwa simu kabla ya kutoa nauli, na kipande cha karatasi chenye herufi H.M. kikawa kinaaminika. Anatoza shilingi elfu tatu kwa jiwe. Siku nzuri hupima mawe saba. Zipo siku tatu mfululizo ambazo hapimi hata moja.

Pengine mambo yangeishia hapo. Lakini mwezi Machi mwaka jana, akiwa kwenye duka la dawa karibu na stendi, alisikia mtu akiita, "Mama Agape!" Aligeuka na kumwona mwanaume aliyekonda, jicho la kushoto limefunikwa kwa bandeji. Hakumtambua hadi alipocheka.

Lugano alikuwa ameishia kwenye shamba la mkonge, huku huku wilayani. Alikuwa mkata mkonge kwa mwaka wa nane. Ncha ya jani la mkonge ina mwiba mgumu kama sindano ya gunia, na mwiba huo ulikuwa umemwingia jichoni. Madaktari walisema jicho hilo halitaona tena.

"Bado unapima?" alimuuliza.

"Napima."

"Mimi niliachana nayo. Mkono ulinisaliti, si unakumbuka? Nilitafuta kazi Arusha, mtu akanipa jiwe la majaribio, nikaliogopa. Nikalirudisha. Nikasema mkono huu utanifunga."

Honorata alimnunulia soda. "Hilo ndilo nililoweza," anasema. "Yeye anakunywa, ananishukuru, mimi nimesimama. Mara ya kwanza nilinyamaza kwa hofu. Mara ya pili ile, hofu ya nini? Hakukuwa na msimamizi. Nilinyamaza kwa mazoea."

Tangu siku hiyo, anasema, jambo moja limemkosesha raha kuliko lile la kufukuzwa. Kazi inaweza kupotea ikapatikana nyingine. Lakini Lugano anaamini kuwa mkono wake ulikosea, na mtu pekee duniani anayejua kuwa haukukosea ni yeye, na uthibitisho uko kwenye kisanduku cha kalipa, chini ya sponji.

Anainua sponji kuuonyesha. Karatasi imekunjwa mara nne, imegeuka rangi ya chai.

Anajua pia atakachopoteza. Biashara yake yote ni herufi mbili kwenye kipande cha karatasi. "Ukiandika kwamba nilipima kinyume nikaficha, kesho nani atanikabidhi jiwe lake?" anauliza.

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, Honorata anapanda bodaboda hadi kwenye nyumba za wafanyakazi wa shamba la mkonge. Kisanduku cha kalipa kimo kwenye mkoba wake. Lugano ameketi kwenye kigoda nje ya mlango. Mkewe, Jenoveva, anachambua maharage ya makande kwenye ungo.

"Karibu, Mama Agape," anasema Lugano. "Umepotea."

"Nimepotea kweli."

Anakaribishwa mkekani. Anakataa chai. Anafungua kisanduku, anainua sponji, anatoa karatasi na kumpa kwa mikono miwili.

Lugano anaisogeza karibu na jicho lake la kulia. Anasoma polepole, kwa sauti. "Urefu sita nukta tisa sifuri. Upana sita nukta mbili sifuri. Kina nne nukta moja nne." Anashusha kidole mstari wa chini. "Sitini na sita nukta nane. Punguza chini hadi sitini na mbili."

Anashusha karatasi. "Sitini na sita. Niliwaambia sitini na sita."

"Uliwaambia."

"Halafu nikasema nimeota. Nikasema ni ile homa."

"Hukuota. Nililipima kinyume, urefu nikauita upana. Wewe ulisaga nilichokuandikia, wala hukuzidisha hata unywele. Mkono wako haukukosea."

Jenoveva ameacha kuchambua. "Kwa hiyo hii karatasi ilikuwepo?"

"Ilikuwepo."

"Wapi?"

"Siku ile, kwenye mfuko wa aproni yangu. Halafu humu."

"Wanamuuliza mume wangu, wewe umesimama pale nayo mfukoni?"

"Nimesimama nayo."

"Na mwaka jana dukani? Alirudi hapa anakusifia. Mama Agape kaninunulia soda."

Honorata anarudisha sponji na kufunga kisanduku.

"Dada," anasema Jenoveva, na sauti yake haipandi hata kidogo, "sisi tuliuza godoro. Tulilala chini miezi minane na mtoto mchanga."

Lugano amekunjua mkono wake wa kulia juu ya goti na kuutazama, kama mtu anayekagua jembe la kuazima kabla ya kulirudisha. Kiganja kimekuwa kigumu, kidole cha shahada kina kovu refu. "Huu mkono nimeutukana miaka kumi na miwili," anasema.

Honorata anamwambia alichokuja nacho moyoni. Kwamba kuna fundi anayeuza sahani ya kusagia vito iliyotumika, na yeye ameshaweka theluthi moja ya bei. Kwamba mawe ya kukata hayakosekani Same. Kwamba lenzi ya kukagulia jiwe hutazamwa kwa jicho moja, hata kwa mwenye mawili.

"Mama Agape," Lugano anamkatiza taratibu. "Leo usinipigie hesabu."

Anainuka, anazunguka nyuma ya nyumba. Hajarudi wakati maharage yanapomalizika kuchambuliwa.

"Nenda," anasema Jenoveva. "Ukichelewa hupati usafiri."

Hakuna aliyesema amesamehewa, na Honorata hakuliomba neno hilo. Akiwa barabarani ndipo anapokumbuka kuwa Lugano ameondoka na karatasi mkononi.

Wiki hiyo hiyo anawaambia wateja wake mwenyewe, mmoja mmoja. Kati ya madalali sita waliokuwa wakija mara kwa mara, wawili hawajarudi. Mmoja alimwambia wazi kuwa amekuwa akiuza kwa karatasi zake miaka minne na sasa hajui kama alipunjwa au alipunja.

Nassoro anarudi, lakini anakuja na kalipa yake mpya kutoka Arusha. Honorata akishapima na kuandika, naye anapima upya, kwa shida, jiwe likimteleza vidoleni.

"Siyo kwamba sikuamini, mama," anasema huku macho yakiwa kwenye jiwe.

"Usiniamini. Pima. Hapo unashika vibaya, hilo ni tone, ncha isiguse taya, itameguka."

"Na upana ni huu?"

"Ni huo. Sema kwa nini."

Nassoro anaeleza kwa nini. Honorata anatikisa kichwa kukubali. Mapato yake ya wiki hii hayajafika elfu ishirini na tano, na kodi ya chumba inakaribia.

Wiki ya pili inapita bila habari kutoka shambani. Ya tatu pia. Agape, ambaye sasa ni muuguzi Moshi, amesikia habari hizo, akampigia simu mama yake akilia. Fundi wa sahani ya kusagia amesema ana mteja mwingine, lakini atasubiri hadi mwisho wa mwezi.

Alhamisi ya wiki ya nne, saa tano asubuhi, simu ya Honorata inatikisika juu ya kitambaa cheupe. Ni ujumbe kutoka namba ya Jenoveva. Hauna salamu.

"Lugano anauliza, lile kopa upana wake wa kweli ulikuwa ngapi."

Honorata anausoma akiwa amesimama. Anaketi. Karatasi hana tena, lakini haihitaji. Anaandika 6.90, anaitazama namba hiyo kabla ya kuituma, kama anavyoitazama namba ya kopa lolote, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Kisha anaituma.

Jibu haliji. Saa sita inafika, upepo unazidi, chujio la chai lililotundikwa msumarini linagonga ukuta. Honorata anafuta kalipa na kuirudisha kisandukuni, mahali ambapo chini ya sponji sasa hapana kitu.

Anasema Jumatatu atakwenda kumwongezea fundi fedha kidogo, sahani isiuzwe. Kama Lugano hataitaka, itakaa hapo pembeni. Kuhusu kimya cha simu, hana wasiwasi nacho. Anakijua kimya cha mtu aliyeshika penseli.

"Kina nne nukta moja nne anacho kwenye karatasi," anasema. "Upana nimempa. Mwache agawanye mwenyewe, asiambiwe tena na mimi. Atafika sitini kamili."

Anavuta turubai na kuifunga upya kiunoni.

"Lilikuwa kopa zuri. Lilikuwa zuri kabla sijaliandika."